Ukiambiwa Utume kwa Faksi

Hospitali nyingi za Marekani hazipokei rekodi za mgonjwa kwa WhatsApp, na kiambatisho cha barua pepe kutoka kwa mtu asiyejulikana mara nyingi huzuiwa kabla hakijamfikia karani. Mgonjwa aliyehama Texas kwenda Ohio na anataka faili lake limfuate, mzazi anayepeleka rekodi za chanjo za mwanawe, Mtanzania au Mkenya anayefungua kampuni kule akiwa bado nyumbani na anahitaji namba ya utambulisho wa mwajiri, EIN, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani: watu kama hawa hujikuta wameambiwa watume kwa faksi. Mashine hawana. Simu ya mezani ya kuichomeka hawana. Basi wanatafuta huduma ya faksi kwa intaneti, wanalipa dola chache, wanapakia faili, wanaona neno "imetumwa", na wiki mbili baadaye ofisi inawaambia haijaona kitu.

Ukifuatilia, mara nyingi utakuta mtumaji alidhani anatuma barua pepe. Intaneti huibeba karatasi yako mwanzo wa safari tu. Mwisho wa safari ni simu, inayopigwa na mashine kwenda kwa mashine, kwa kanuni zilizokubaliwa kimataifa mwaka 1980. Ukiielewa simu hiyo utajua kwa nini muhuri wa bluu hupotea njiani, kwa nini namba sahihi inaweza kukataa, na risiti uliyopewa inathibitisha nini na haithibitishi nini.

Njia ya karatasi

Faili lako, liwe PDF au Word, hufika kwanza kwenye seva ya kampuni uliyoilipa. Hapo linageuzwa kuwa picha. Kila ukurasa hukatwa mistari myembamba, na kila mstari una nukta 1,728 kutoka kushoto hadi kulia, kila nukta ikiwa ama nyeusi ama nyeupe. Rangi hazimo. Kijivu hakimo. Katika kiwango cha kawaida, mistari hiyo ni kama 98 kwa kila inchi ya kwenda chini. Katika kiwango cha juu, ambacho huduma nyingi hukiandika "Fine", huwa 196. Kisha picha inabanwa: sehemu ndefu isiyo na wino huandikwa kwa tarakimu chache tu. Ndiyo maana ukurasa wa barua hupita chini ya dakika moja, na ukurasa wenye picha ya pasipoti huweza kuchukua dakika kadhaa na kukata simu katikati.

Seva sasa inapiga namba. Simu inapopokelewa, seva hutoa mlio wa hertz 1,100 kwa nusu sekunde, hunyamaza sekunde tatu, hurudia. Mashine ya upande wa pili hujibu kwa mlio wa hertz 2,100. Kama umewahi kupiga namba ya ofisi ukakutana na filimbi kali sikioni, uliipigia mashine ya faksi. Baada ya hapo mpokeaji anajitambulisha: kasi anazoziweza, upana wa karatasi yake, na mara nyingi namba yake ya simu. Mtumaji anachagua kasi na kutuma sauti ya majaribio kwa sekunde moja na nusu. Ikifika safi, mpokeaji anamruhusu aendelee. Ikifika na mikwaruzo, wanashuka pamoja, kutoka biti 14,400 kwa sekunde hadi 9,600, hadi 4,800, hata 2,400. Kila ukurasa ukiisha mtumaji anasubiri jibu kwamba umepokelewa. Wa mwisho ukithibitishwa, simu inakatwa.

Uthibitisho huo wa ukurasa kwa ukurasa, unaotolewa na mashine ya mpokeaji mwenyewe, ni sababu mojawapo ya mawakili na hospitali kuing'ang'ania faksi wakati kila kitu kingine kimebadilika. Barua pepe ya kawaida haitoi kitu cha namna hiyo. Mwaka 2018 Seema Verma, aliyekuwa mkuu wa CMS, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia bima za afya za umma, alitoa wito kwamba kufikia 2020 ofisi za madaktari ziwe zimeachana na faksi. Mwaka huo ulifika ukapita, na mashine bado zinalia. Mifumo ya rekodi ya hospitali mbili tofauti mara nyingi haizungumzi, lakini zote mbili zina namba ya faksi.

Tatizo lililowasumbua mafundi ni kwamba simu zenyewe zimehamia kwenye intaneti. Sauti yako leo hukatwa vipande na kusafirishwa kama data, na kipande kimoja kikipotea sikio halioni tofauti. Modemu ya mashine ya faksi huona. Zaidi ya hapo, mbinu nyingi za kubana sauti, zikiwemo za simu za mkononi, zimetengenezwa kwa ajili ya koo la mwanadamu. Mlio wa faksi ukipitishwa humo hutoka umevurugika. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lilitoa kiwango kinachoitwa T.38. Lango la kuingilia intaneti linausikiliza mlio, linaugeuza kuwa data, linaituma pamoja na nakala ya vipande vilivyotangulia ili kilichopotea kifidiwe, na lango la kutokea linautengeneza mlio upya. Mashine mbili huendelea na mazungumzo yao bila kujua kilichotokea katikati.

Kwa hiyo programu ya faksi uliyopakua kwenye simu yako haipigi kwa laini yako ya Vodacom au Safaricom. Dakika zako hazihusiki. Inatumia bando kupeleka faili kwenye seva, na seva ndiyo inayopiga, pengine kutoka mji uleule wa anayepokea. Wazo hilo la kupiga kutoka karibu na mpokeaji lilijaribiwa mwaka 1993 na Carl Malamud na Marshall Rose wa Marekani. Walipanga mtandao wa kompyuta za watu waliojitolea, kila moja ikihudumia eneo lake. Ukituma barua pepe, kompyuta iliyo karibu na namba unayoitaka inapiga simu ya hapohapo mjini na kutoa karatasi. Kampuni zinazokutoza leo zimejenga juu ya wazo hilohilo. Na kama unaishi ughaibuni na una mashine halisi nyumbani, usiichomeke kwenye kisanduku cha simu ya intaneti kabla hujaiuliza kampuni yako kama inatumia T.38. Wakisema hawaijui, tumia huduma ya mtandaoni.

Kuandaa kurasa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo penye nafuu kubwa zaidi.

Kama hati ilizaliwa kwenye kompyuta, tuma PDF yake ileile. Usiichape halafu uipige picha. Fomu ya SS-4 ya kuombea EIN, kwa mfano, inajazwa vizuri kwenye skrini; chapa na uskani pale tu inapohitajika saini ya mkono, na usaini kwa kalamu nyeusi.

Herufi ziwe za ukubwa wa 12. Katika kiwango cha kawaida, herufi ya ukubwa wa 8 hupata mistari kumi na mmoja tu kutoka juu hadi chini, na katika nafasi hiyo 3, 6 na 8 hufanana. Fikiria maana yake kwenye tarehe ya kuzaliwa au kipimo cha dawa. Chagua kiwango cha juu kila mara unapopewa nafasi, hata kama kinaongeza muda.

Hati za kwetu zina ugumu wake. Kadi ya kliniki ya mtoto huwa na visanduku vidogo, karatasi ya rangi, na tarehe zilizoandikwa na wauguzi tofauti kwa kalamu tofauti. Barua ya serikali ya mtaa inabeba muhuri wa bluu au zambarau, mara nyingi wino umekauka nusu. Seva ikiamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, rangi ya karatasi inaweza kugeuka vumbi jeusi juu ya maandishi, na muhuri mwepesi unaweza kufutika kabisa. Dawa yake ni ya bei ndogo. Nenda steshenari au saiba, toa kwanza fotokopi nyeusi na nyeupe, mwombe mhudumu aongeze au apunguze giza mpaka kila tarehe isomeke, kisha uskani fotokopi hiyo kwa ajili ya faksi. Kisichosomeka kwenye fotokopi hakitasomeka ng'ambo. Kwa kadi iliyochakaa kupita kiasi, omba kliniki ikuandikie orodha ya chanjo na tarehe zake kwa kompyuta, wagonge muhuri kwa wino mzito, na utume orodha pamoja na kadi. Mistari ya kalamu za kung'arisha, ile ya njano au kijani, usiiache kwenye ukurasa unaotumwa. Inaweza kutokea kama utepe mweusi uliofunika kile ulichotaka kionekane.

Kama huna pa kuskani, tumia programu ya kuskani ya simu na uchague nyeusi na nyeupe, karatasi ikiwa juu ya meza, mwanga ukitoka dirishani ubavuni. Picha ya kawaida ya kamera huja na kivuli cha mkono wako, na kivuli hicho kwenye faksi ni doa jeusi. Ukimtumia mhudumu wa steshenari hati kwa WhatsApp ili akusaidie, itume kama hati, si kama picha, kwa sababu WhatsApp huibana picha na kuila makali.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui hadi liwaumize ni kwamba Marekani haitumii karatasi ya A4. Yao ni fupi: milimita 279 kwa urefu, wakati A4 ina 297. Ukurasa wako wa A4 ukifika kule unaweza kupunguzwa ili uingie, kukatwa chini, au kumwaga mistari ya mwisho kwenye ukurasa wa pili. Saini na muhuri huwa chini ya ukurasa, yaani palepale panapokatwa. Acha sentimita mbili na nusu tupu chini, au weka ukubwa wa karatasi ya Kimarekani kwenye programu ya kuandikia kabla ya kutengeneza PDF.

Mwisho, andika juu ya kila ukurasa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa au namba ya kumbukumbu, na namba ya ukurasa, kama "3 kati ya 7". Karatasi hutolewa na printa moja zikiwa zimechanganyika na za watu wengine, na ukurasa usio na jina hauna mwenyewe.

Ukurasa wa utangulizi unatangulia yote hayo. Taja ofisi na mtu au kitengo unachokiandikia, jina lako, simu yako ikiwa na msimbo wa nchi, barua pepe, na idadi ya kurasa pamoja na huo wa kwanza. Andika tarehe kwa jina la mwezi, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi na 4/7 yako wataisoma tarehe 7 Aprili. Usiandike humo ugonjwa, namba ya hifadhi ya jamii wala namba ya benki. Ukurasa huo ndio unaolala wazi kwenye trei.

Namba, na saa ya kupiga

Iandike kwa ukamilifu. Ya Marekani huanza na 1 na kufuatiwa na tarakimu kumi. Ya Dar es Salaam iliyoandikwa 022 huwa 255 22, sifuri ikiondoka. Ya Kenya hufuata utaratibu huohuo kwa 254. Namba za Marekani zinazoanza na 800, 833, 844, 855, 866, 877 au 888 hulipiwa na anayepigiwa, na mitandao mingi ya nje ya nchi hiyo haiziunganishi. Ukikwama hapo, omba ofisi ikupe namba yake ya kawaida ya faksi, au tumia huduma inayopiga kutoka ndani ya Marekani. Maelekezo ya fomu ya SS-4 hutoa namba tofauti kwa walio ndani na walio nje ya nchi. Zisome kwenye tovuti ya IRS yenyewe, toleo la sasa, maana namba hubadilika na zile zilizonakiliwa kwenye kurasa za watu binafsi hubaki zimezeeka.

Kabla hujalipa, piga kwa sauti. Uliza mambo mawili: namba hii bado inatumika, na karatasi zikifika zinaenda kitengo gani. Hili lina uzito zaidi kwa ofisi za kwetu. Barua nyingi za serikali Tanzania bado zimechapwa mstari wa "Nukushi", yaani faksi, juu kabisa, lakini mstari huo unaweza kuwa umedumu kuliko mashine yenyewe, na karani akakupa barua pepe papo hapo ukaokoa pesa yako.

Kama unatuma kutoka Afrika Mashariki kwenda pwani ya mashariki ya Marekani, saa nane mchana yetu ni saa kumi na mbili asubuhi kwao wakati wa majira yao ya baridi, na saa moja asubuhi wakati wa kiangazi. Hapo laini ziko wazi zaidi. Ukisubiri jioni yetu utaingia kwenye msongamano wa asubuhi yao ya kazi, na ofisi kubwa zenye laini chache zitakuwa zinakataa simu.

Risiti inasema nini

Neno "imetumwa" linaloonekana mara baada ya kubonyeza linamaanisha seva imepokea faili. Subiri ripoti ya pili, inayokuja kwa barua pepe baada ya simu kukatwa. Soma mambo matatu ndani yake: idadi ya kurasa zilizothibitishwa, muda wa simu, na utambulisho wa mashine iliyopokea kama umeonyeshwa. Kurasa zikiwa tano kati ya saba, tuma zote saba upya, na kwenye ukurasa wa utangulizi eleza kwamba hizi zinachukua nafasi ya zilizotangulia. Usitume mbili za mwisho peke yake zikatangatange. Utambulisho ukionyesha namba au jina usilolitambua, piga simu ofisini siku hiyohiyo.

Ripoti ikisema laini ina shughuli, huduma nyingi hujaribu tena zenyewe. Ikisema hakuna mlio wa faksi uliosikika, basi aliyepokea ni mtu au mashine ya kujibu simu, na kurudia namba ileile ni kupoteza fedha na kumsumbua mtu. Ikisema mawasiliano yalikatika katikati, jaribu saa nyingine, au gawa hati ndefu katika sehemu za kurasa kumi kumi, kila sehemu na utangulizi wake.

Hata ripoti safi kabisa inathibitisha kwamba mashine imepokea, basi. Ofisi nyingi za Marekani hazina tena karatasi upande wa pili. Faksi huingia kwenye kompyuta na kupangiwa mtu. Subiri siku mbili tatu za kazi, kisha piga uulize kwa jina na tarehe. Itunze ripoti, kwa sababu ukiambiwa hukutuma kwa wakati, ndiyo utetezi wako.

Siri ya hati yako

Kutoka kwako hadi kwenye seva, huduma nzuri husimba data. Angalia anwani ya tovuti ianze na https. Kutoka kwenye seva hadi kwa mpokeaji ni simu, na faksi ya kawaida haisimbwi. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haiko kwenye waya. Iko kwenye nakala zinazobaki nyuma: kwenye akaunti yako ya faksi, kwenye kompyuta ya steshenari ulikoskani pasipoti, kwenye simu ya rafiki aliyekusaidia. Simama hapo dukani mpaka mhudumu afute faili, pamoja na lililo kwenye kikapu cha taka cha kompyuta.

Huduma za bure huwa na kikomo cha kurasa na nchi, na baadhi huweka tangazo kwenye ukurasa wa utangulizi. Kwa barua ya kawaida si neno. Kwa vipimo vya hospitali, lipa. Sheria ya Marekani ya 1996 iitwayo HIPAA inazibana hospitali, bima na makampuni yanayozihudumia. Mgonjwa anayetuma karatasi zake mwenyewe haimbani, hivyo hakuna atakayekuchagulia huduma salama. Lakini kama unaendesha kliniki au ofisi ya huduma za wagonjwa huko, ni lazima mwenye huduma ya faksi asaini nawe mkataba wa kulinda taarifa hizo. Asiyekubali kusaini, mwache.

Kama unahitaji jibu

Kutuma hakuhitaji namba yako mwenyewe, kupokea kunahitaji. Huduma hukukodisha namba kwa mwezi, na kila faksi inayoipigia hukufikia kama PDF kwenye barua pepe. Kwa mwombaji wa EIN aliye nje ya Marekani jambo hili ni kubwa, kwa sababu njia ya mtandaoni ya IRS ni ya wenye makazi au biashara ndani ya nchi hiyo. Aliye nje hutumia simu, faksi au posta. Ukituma SS-4 kwa faksi na kuweka namba ya faksi ya kurudishia, IRS husema jibu kwa kawaida huchukua siku nne za kazi. Usipoiweka, jibu linakwenda posta, na kutoka Marekani hadi sanduku la posta la Mwanza au Kisumu hizo ni wiki nyingi.

Usitumie namba ya majaribio ya bure inayokufa baada ya wiki moja. Namba za simu hurudishwa sokoni, na anayeipata baada yako ndiye atakayepokea barua yenye jina la kampuni yako na namba yake ya kodi. Kodisha kwa miezi miwili angalau, ijaribu kwa kujitumia ukurasa mmoja kabla hujaiandika kwenye fomu, na jibu likifika lihifadhi PDF mahali pawili kabla ya kuirudisha namba: benki utakapokwenda kufungua akaunti ya kampuni itataka kuiona barua hiyo ya IRS.